Rauta ya Elina

Jua likishafika utosini, mtandao unakufa. Si mtandao wa Mkiwa nzima, hapana. Simu za watu zinaongea kama kawaida, redio za wauza vitunguu pale njia panda zinapiga kelele, na Philipo mchomeleaji anaendelea kurusha cheche zake. Unaokufa ni mtandao wa chumba kimoja tu, kile chenye kibao cha bluu kilichoandikwa ELINA INTANETI, CHAPA NA KOPI, MTANDAO BILA WAYA. Ukishakufa, wote waliomo ndani humgeukia Agripina kwa pamoja, kama abiria wanavyomgeukia dereva gari likizima mlimani.

"Mama, imekata tena."

"Nimeona. Mimi si kipofu."

"Sasa tutafanyaje?"

"Kwani una mgonjwa? Kaa. Kinapumzika."

Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo, na alilitoa kwa sauti kavu, kama mtu aliyesomea. Lakini Agripina hakuwa amesomea kitu. Alikuwa mwanamke wa kuku. Darasa la saba alilimaliza, akaolewa Mtinko, mume akafa, akahamia Mkiwa na beseni lake kichwani. Basi likisimama, yeye wa kwanza dirishani. Na alikuwa na ulimi wa kumuuzia shingo mtu aliyetaka paja, na mtu akashukuru. Kompyuta aliziona kwa mwanawe tu, kwa mbali, kama unavyotazama ng'ombe wa jirani.

Sasa zilikuwa zake, na zote zilitegemea kidude kimoja cheusi, kidogo kama kitabu cha nyimbo cha kanisani. Kina pembe mbili, kina vitaa mbele, na ubavuni kimechomekwa modemu yenye laini ya simu ndani yake. Watu wa mjini wanakiita rauta. Kazi yake ni kuurusha mtandao hewani uwafikie watu bila waya. Vitaa vikiwa kijani, watu wanasoma barua zao na kucheka. Vikiwa vyekundu, watu wanasonya.

Na juu ya kidude hicho kulikuwa na kitambaa.

Hapo hakuna ajabu. Nani katika nchi hii anaacha kitu kizuri uchi? Redio ina kitambaa chake, runinga ina chake, chupa ya chai inavishwa, hata mtungi wa maji una kofia. Elina alikifuma mwenyewe kwa kroshia, uzi mweupe na kingo za waridi. Kwa sababu vumbi la Mkiwa halibishi hodi, akakitia bitana ya kitenge kizito, akaacha vitobo viwili vya kutokezea pembe. Kilikaa juu ya rauta kama kofia ya mtoto mchanga.

Elina alikuwa binti wa kwanza wa Agripina. Alisomea kompyuta Singida mjini, wenzake wakaenda zao mbali, yeye akarudi njia panda. Alimwambia mama yake, "Mama, magari yote yanapita hapa. Ya Itigi hapa, ya Manyoni hapa, ya Singida hapa. Wewe umewauzia kuku, mimi nitawauzia mtandao." Zama za kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika zilikwisha kusahaulika; sasa kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa na biashara. Mtaji ulitoka kwenye ng'ombe walioachwa na baba yake. Ukoo ulikaa Mtinko, ukakubali, na baba yake mdogo, Laurian, ndiye aliyewaswaga wale ng'ombe mnadani kwa fimbo yake mwenyewe. Hilo watu wasilisahau wanapomsema Laurian.

Biashara ikakubali. Walimu walikuja kuomba nafasi za masomo, vijana wakaja kutazama matokeo, madereva wakaja kuandikia wake zao uongo. Halafu masika yakaingia na mbu wake.

Elina alifunga duka jioni akisema kichwa kinamuuma. Kulipokucha alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. "Mama, baridi." Mama gani anaambiwa baridi akakaa? Agripina alimfunika blanketi, akaongeza vitenge, akaongeza koti zito la marehemu baba yake. Walipofika hospitali, nesi aliyavuta yote kwa mkono mmoja. "Mama, mbona mnampika mgonjwa? Mfunueni apate hewa!" Malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Elina hakuiona kesho yake.

Daktari alisema si blanketi lililomuua. Alisema mara mbili. Agripina alimsikia mara zote mbili.

Walimzika Mtinko, kwa baba yake. Siku ya kuanua matanga vitu vyake vikagawiwa, kama desturi ilivyo: shangazi akachukua magauni, binamu akachukua viatu, mwingine akachukua mkoba, hata chanuo lake lilipata mwenyewe. Agripina hakubisha. Vitu vya marehemu havikai, vinatembea, ili kila avaaye amkumbuke. Lakini aliporudi Mkiwa akafungua kile chumba, akakuta kitambaa pale juu ya rauta, kimelala sawasawa kama mkono wa Elina ulivyokiacha ile jioni ya kichwa kuuma. Hakuna aliyekigawa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba mashine nayo ina nguo. Akainamisha uso akakinusa. Mafuta ya nazi. Kichwa cha Elina kabisa.

Hakukifua. Hakukitoa pale. Kila aingiapo asubuhi alikinyoosha kidogo pembeni, akaanza kazi.

Kazi yenyewe aliipata kwa kubishana. Laurian alitaka vitu viuzwe. Alisema mbele ya wazee, tena kwa adabu, "Shemeji, ng'ombe wale ni wa kaka. Elina ametangulia, lakini yuko Raymond, naye anataka kusoma. Tuuze, tumsomeshe mtoto aliyebaki."

Raymond alikuwa mdogo wake Elina, anakaa kwa huyo baba yake mdogo, anasoma sekondari. Neno la Laurian lilikuwa na miguu ya kusimamia.

"Duka litamsomesha," alisema Agripina. "Nitaliendesha mimi."

"Wewe? Kompyuta?"

"Kwani kuku nilizaliwa namjua?"

Wazee wakacheka. Laurian naye akacheka, kisha akafikiri. "Haya. Elina alikuwa anasema mavuno yake ni msimu wa matokeo ya kidato cha nne. Basi twende mpaka matokeo. Duka likisimama imara, ni lako. Likiyumba siku hiyo, tunauza, na asilie mtu."

"Asilie mtu," aliitikia Agripina, na kwa neno hilo alijifunga mbele ya wote.

Hakuwa anatetea kompyuta. Alikuwa anatetea kile kibao cha nje. Mradi kibao kipo, watu wataendelea kusema "naenda kwa Elina," "nimetoka kwa Elina," na jina litaitwa kila siku barabarani. Kaburini nani ataliita?

Aliyemfundisha ni Mwalimu Nathanaeli wa shule ya msingi, mteja wa siku nyingi, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Alimwonyesha pa kubofya na pa kutobofya. Agripina akaandika kwa kidole kimoja, akachapa, akatoa kopi, akakosea, akamtukana printa, akajua. Kipupwe chote, na baridi yake, duka lilikwenda vizuri. Upepo ulipopoa na jua la mwisho wa mwaka likaanza kuunguza mabati, ndipo ugonjwa ulipoanza.

Kwanza alizima na kuwasha, kama Mwalimu alivyomwonyesha. Kikarudi. Baada ya muda mfupi, chekundu. Akazima, akawasha. Chekundu. Akakipiga kofi dogo, lile la redio. Chekundu.

Akamshuku Philipo, kwa kuwa karakana yake imegusana ukuta na duka.

"Philipo! Zima hiyo mashine!"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba, zima."

"Kwani nimefanya nini?"

"Cheche zako zinaua mtandao wangu."

"Mama, mtandao unapita juu, cheche zinaanguka chini. Vitakutana wapi?"

"Wewe na mimi ndio tutakutana. Zima!"

Philipo akazima, akakaa juu ya geti la watu akila muwa. Mtandao ukafa vilevile. Akaja mlangoni anajifuta mikono. "Haya, mama, leo tumkamate nani? Mbuzi wa Mzee Mazengo?" Watu wakaangua kicheko, na Agripina naye, shingo upande, akacheka.

Akabadilisha laini. Akabadilisha adapta ya umeme. Mtu mmoja akamwambia mtandao unapenda juu, usiwekwe mezani kama sahani. Basi akakipandisha juu ya kabati, chini kabisa ya bati. Pale juu hali ikawa mbaya zaidi. Zamani kilikuwa kinafika saa saba. Sasa saa sita hakiioni.

Akamwita fundi kutoka Singida mjini. Jina lake Antipasi, kijana mwenye begi la vyuma na maneno mengi, ananukia kama bibi arusi. Alipomwona anashuka garini, Agripina akapanda kigodani haraka, akavua kitambaa, akakikunja, akakitia kifuani. Mikono ya mgeni, mikono iliyoshika vyuma vya watu, haikuwa ya kugusa kitu kile.

Antipasi akakaa nacho kuanzia asubuhi. Saa saba ikapita, kijani. Saa nane, kijani. Saa tisa wateja wanasoma tu.

"Mama, mbona kizima?"

"Kinakuogopa. Kama mtoto: nyumbani homa, ukimfikisha zahanati anacheza."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema fundi, akala kuku wake, akapanda basi. Agripina akatoa kitambaa kifuani, akakivisha tena mahali pake, akakinyoosha. Kesho yake adhuhuri, chekundu.

Akaja tena. Hadithi ileile. Kitambaa kifuani, mtandao kijani. Fundi ameondoka, kitambaa mahali pake, mtandao kaburini. Mara ya tatu Antipasi alikataa kuja. Alisema kwenye simu, "Mama, usinichukie. Nimekipima kila kitu. Rauta haina ubaya. Mashine nyingine hazipatani na mtu tu."

"Mimi nimeifanya nini?"

"Sijui, mama. Sisemi umeifanya kitu."

Maneno hayo yakatoka dukani yakaenda kwa wauza vitunguu, na huko yakavaa nguo nyingine. Martina, ambaye fungu lake la vitunguu linatazamana na kibao, akavuka barabara kwa upole wa bandia. "Agripina, mwenzangu, usinielewe vibaya. Kitu kinakufa mchana, na marehemu naye alizikwa mchana. Huenda mtoto anadai kitu chake. Ungemwita padri."

"Elina akidai atanidai mimi mama yake, hatadai mtandao wa watu. Rudi kwenye vitunguu vyako, vinaota."

Martina akaenda zake. Lakini siku hiyo wateja walipokwisha kutoka, Agripina alisimama kigodani, akashika ukingo wa kabati, akakiambia kile kidude kwa Kinyaturu, lugha aliyokuwa akimbembelezea Elina akiwa mgongoni: mwanangu, unataka nini? Vitaa vyekundu vikamkodolea macho. Akashuka, akafagia.

Matokeo yakatoka siku ya jua kali, mvua ilikuwa imekatika na ardhi inatoa mvuke. Kabla hajafungua mlango vijana walikuwa wamejaa barazani, wengine wametoka vijiji vya mbali tangu alfajiri, wengine na mama zao. Na gari la asubuhi likamshusha Laurian. Hakuwa peke yake. Alikuja na dada mmoja wa Itigi, Loyce, mwembamba, mwenye haya, anayetaka kufungua duka la mtandao kwao. Laurian hakumficha.

"Shemeji, huyu ndiye angenunua, kama itafika huko. Amekuja kutazama tu."

"Karibuni. Kutazama hakuchubui."

Wakakaa kwenye benchi. Na asubuhi ile, jamani! Vitaa kijani kama mtama wa Februari. Majina yanafunguka. Huyu anapiga vigelegele, yule anakaa chini na kulia, mama mmoja anamkumbatia Agripina kana kwamba yeye ndiye aliyesahihisha mitihani. Mwalimu Nathanaeli, aliyekuja kutazama wanafunzi wake wa zamani, akawa anasaidia kusoma namba. Agripina alipita katikati ya watu kama zamani katikati ya magari, anapokea, anachapa, anatania. "Wewe umepata ziro? Usilie, mimi sikufika hata huko kwenye ziro, na leo ninakuchapia." Laurian akatabasamu kwenye benchi. "Shemeji, kumbe."

Neno hilo moja, kumbe, lilimwingia Agripina kama uji unavyomwingia mgonjwa aliyeanza kula. Akatazama kabatini. Akatazama mlangoni, kivuli cha nguzo ya umeme kilivyofupika. Akasema moyoni, leo tu. Mungu Baba, leo tu.

Vitaa vikageuka vyekundu.

"Mama, imekata."

"Kinapumzika. Kaeni."

Wakakaa. Akazima, akawasha. Kijani, vijana wakainuka, chekundu. Akazima tena, akakiacha, akawasha. Chekundu. Jasho likamtoka mpaka machoni. Binti mmoja alikuwa na kidole bado juu ya kioo cha kompyuta. "Mama, jina langu lilikuwa linakuja. Nimeiona herufi ya kwanza." Nje basi la Singida likapiga honi. Mmoja akasema twendeni mjini, mwingine akamfuata, kisha wote, kama mbuzi wakiona pengo kwenye ua. Binti yule akatoka wa mwisho akiangalia nyuma.

Chumba kikabaki na viti vilivyopinduka. Laurian akasimama. Hakufurahi, hilo Agripina aliliona. "Shemeji, nimeona kwa macho yangu. Ngoja tukanywe chai, upumue." Akatoka na Loyce. Mwalimu Nathanaeli akabaki, akaanza kuinua viti kimoja kimoja.

Agripina akapanda kigodani. Alitaka kukizima tu, siku iishe. Hakuona vizuri kwa machozi, akapapasa, na kiganja chake chote kikatua juu ya kitambaa.

Kilikuwa cha moto.

Si moto wa bati, si moto wa jua. Ulikuwa moto wa ndani, unaopanda kupitia kitenge na uzi kuja kwenye kiganja. Aliujua. Mkono ule ule ulikuwa umeushika moto ule ule kwenye paji la uso la Elina, juu ya mto, mtoto akisema baridi, mama, baridi, na yeye akiongeza koti. Na nyuma ya kichwa chake sauti ya nesi ikasema tena, sawasawa kama siku ile.

Akakivuta kitambaa kwa nguvu mpaka rauta nayo ikataka kuanguka. Joto likampiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Elina alikuwa anakifunika hiki?"

Mwalimu Nathanaeli akasimama na kiti mkononi. "Jioni, mama. Akifunga duka. Kwa ajili ya vumbi. Asubuhi akiingia, kabla hajafagia, kitu cha kwanza alikuwa anakifunua. Alikuwa anakiambia, amka, kumekucha."

"Alikuwa anakiambia?"

"Anakiambia, ndiyo. Sisi tulikuwa tunamcheka."

Agripina hakulijua hilo. Mwanawe alikuwa na salamu na mashine, na yeye, aliyemzaa, analisikia leo, kutoka kwa mtu baki.

"Na wewe ulikuwa na mdomo wa nini, Mwalimu? Miezi yote hii!"

"Mama, mimi nilijua ndivyo unavyomlilia. Nani atamwambia mama aondoe kitambaa cha mwanawe? Wala sikujua kinadhuru. Nisamehe."

Akamsamehe palepale, maana hasira hakuwa nayo. Akakipepea kile kidude kwa kile kitambaa chenyewe, akipepea kama anavyopepea jiko, na alipochoka akakitazama kitambaa. Katikati ya uzi mweupe palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama kiganja, limeungua polepole siku baada ya siku. Akakiinua akakinusa. Plastiki. Akakigeuza upande wa kitenge, akanusa tena, akakizika uso wote ndani yake, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Plastiki iliyoungua. Mafuta ya nazi hayakuwapo. Yalikwisha kutoka lini, hakujua. Alikuwa akikinyoosha kila asubuhi kwa mkono na kujizuia kukinusa, ili harufu isiishe.

Nyuma yake Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Mama. Kijani."

Akaruka kutoka kigodani, akatoka nje mbio, miguu mitupu, kama enzi za kuku. "Rudini! Rudini, imerudi!" Basi lilikuwa limekwisha kuishika barabara ya Singida, vumbi lake lilikuwa linashuka juu ya vitunguu vya Martina. Martina akamtazama, akainama akapangusa vitunguu vyake.

Akaingia mgahawani.

"Shemeji, kimepona. Ni kitambaa. Nilikuwa nakifunika mchana, kinakosa hewa. Njoo uone."

Laurian akaweka kikombe chini. "Shemeji Agripina. Tangu jua lilipoanza kuwaka unaniambia kwenye simu kimepona. Fundi amekuja, kimepona. Laini mpya, kimepona."

"Safari hii ni kweli."

"Kila safari ilikuwa kweli." Hakumdhihaki. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilimpenda yule mtoto, ng'ombe wale niliwaswaga mimi. Lakini tulisemezana mbele ya wazee. Siku hii, tulisema. Na Raymond anangoja."

Agripina alikuwa na maneno. Ulimi wake ule ungeweza kumtoa Laurian mgahawani akiwa anaomba maji. Lakini ni yeye aliyesema asilie mtu. Akamtazama Loyce, aliyeinamisha uso kwenye chai yake kama mwizi, na hakuwa mwizi wa kitu.

"Gari utaleta lini, mwanangu?"

"Kesho, mama. Ukiruhusu."

"Njoo mapema. Mchana jua kali."

Kesho yake kompyuta zilipakiwa moja moja, zimefungwa kwenye magodoro. Philipo alileta ngazi yake bila kuitwa, akafungua boliti za kile kibao, akakishusha. Hakutania. Hata muwa hakuwa nao. Laurian akazibeba meza, akiangalia chini. Rauta ilikuwa ya mwisho, na Agripina alimkabidhi Loyce mkononi mwenyewe, hakutaka irushwe na wapakizi.

"Nisikilize. Asubuhi ukifika, hujafagia, hujafanya nini, kifunue. Mchana kikae uchi, mbali na bati, kipate hewa. Jioni ukifunga ndipo ukifunike, maana vumbi la Itigi ni kaka yake la hapa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na ukikifunua, kiambie amka, kumekucha."

Loyce akamtazama aone kama ni mzaha. Akaona si mzaha. "Nitakiambia, mama." Kisha, kwa haya, "Na kitambaa chake?"

"Utafuma chako."

Gari likaondoka na njia ya Itigi. Baada ya siku chache Loyce akapiga simu, sauti imejaa furaha ya biashara mpya. "Shikamoo, mama. Kinafanya kazi! Tangu asubuhi mpaka jioni hakijakata hata mara moja. Kizuri kweli!"

"Marahaba," alisema Agripina. "Ndivyo kilivyokuwa." Akakata simu.

Raymond anasoma. Chumba chenye ukuta uliogusana na Philipo kina muuza soda. Agripina amerudi kwenye kuku wake pale njia panda, na ulimi wake haujapoteza makali. Wauzaji wageni wanampisha dirishani. Kitambaa alikifua mwishowe, akakisugua kwa sabuni ya mche na majivu na limau. Doa halikutoka. Sasa kinafunika beseni, juu ya kuku, kwa sababu ya nzi na vumbi. Basi likisimama, anakifunua. Basi likiondoka, anakifunika.

Juzi abiria mmoja, mwanaume wa miwani, alichungulia dirishani akakiona. "Mama, hicho kitambaa kizuri, lakini mbona kina vitobo viwili katikati? Vya nini?"

"Nunua kuku, baba," alisema Agripina. "Vitobo haviliwi."